Kuacha Sigara, Dawa za Kuzuia Nikotini na Uzito wa Mwili

Mada iliyowasilishwa mbele ya wakazi wa kata



Wapo watu walioacha sigara kwa nia thabiti, wakakaa mbali nayo mwezi mmoja au miwili, kisha wakairudia. Na wakiulizwa sababu, hawataji uchu wala marafiki, bali hutaja nguo. Suruali imebana, gauni halifungiki, kanda ya kiunoni imeacha alama. Jambo hili huonekana dogo masikioni mwa asiyevuta, lakini kwa mgonjwa wa shinikizo la damu au wa kisukari si dogo hata kidogo. Mgonjwa huyo huambiwa kliniki, pengine katika siku ile ile moja, aache sigara na apunguze uzito. Anapoacha sigara, uzito unapanda. Kwake ni kama kuagizwa apande mlima na kuuteremka kwa wakati mmoja, na si ajabu akakata tamaa na kuchagua lile lililo rahisi, yaani kurudi alikotoka.

Upo pia upande wa pili wa jambo hili. Kwa watu wengi kunenepa bado ni dalili ya raha, na kukonda ni dalili ya dhiki au maradhi. Kwa hiyo aliyeacha sigara akanawiri husifiwa na majirani, akaendelea kuongezeka bila mtu wa kumkumbusha kupima sukari. Pande zote mbili zinahitaji kujua kinachotendeka mwilini, na utafiti wa zaidi ya miaka mia moja umekwisha kulieleza jambo hilo kwa kiasi kikubwa.

Nikotini ni kemikali ya jani la tumbaku. Huingia mwilini kwa moshi wa sigara au kiko, kwa ugoro unaonuswa au kuwekwa mdomoni, na hata kwa ngozi. Wachumaji wa tumbaku wanaobeba majani mabichi yenye umande hupatwa na kichefuchefu, kizunguzungu na kutapika bila kuvuta chochote. Mwaka 1889, katika Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza, John Newport Langley na mwenzake Dickinson walipaka nikotini kwenye mafundo ya neva za wanyama wakaona kwamba kwanza neva huchangamka, kisha hunyamaza. Kufikia mwaka 1905 Langley alikuwa amefikia wazo kwamba juu ya seli ipo sehemu maalumu inayoipokea kemikali ya namna hiyo. Sehemu hizo leo huitwa vipokezi. Mfano uliozoeleka ni wa kufuli na ufunguo: nikotini ni ufunguo, kipokezi ni tundu la kufuli, na mlango ukifunguka seli hufanya kazi ambayo isingeifanya wakati huo.

Kuhusu uzito, ufunguo huo hufanya kazi mbili. Ya kwanza ni kuupa mwili moto usiouhitaji. Mwaka 1986 watafiti wa Lausanne, Uswisi, waliwaweka wavutaji 8 katika chumba maalumu kinachopima nguvu inayotumiwa na mwili kwa saa 24. Siku waliyovuta sigara 24, miili yao ilitumia nguvu zaidi kwa takriban asilimia 10 kuliko siku ambayo hawakuvuta, ziada ya kilokalori 200 hivi. Hicho ni kiasi cha chapati moja ndogo, na chapati moja kila siku kwa mwaka mzima si haba. Moto huo lakini si wa bure, kwa maana ni moyo unaoenda mbio na mishipa iliyobanwa.

Kazi ya pili ni kupunguza hamu ya kula. Wauzaji wa sigara waliitambua mapema kuliko madaktari. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni moja kubwa ya Marekani iliwahimiza wanawake, kupitia matangazo ya sigara ya Lucky Strike, wachukue sigara badala ya peremende, hata wafanyabiashara wa vitu vitamu wakalalamika. Mwaka 1968 ikaja sigara ya Virginia Slims, nyembamba kwa jina na kwa umbo, iliyolengwa kwa wanawake. Biashara iliuza wembamba. Maradhi ya mapafu hayakutajwa kwenye bango.

Hadi hapo ilikuwa imefahamika kwamba wavutaji, kwa wastani, huwa na uzito mdogo kidogo kuliko wasiovuta. Kilichobaki kujulikana ni kama kweli ni nikotini inayofanya hivyo, au ni tabia tu ya kushika sigara mkononi badala ya kipande cha mkate. Hapa ndipo dawa ya kuzuia nikotini ilipokuwa na thamani, maana njia nyofu ya kujua ufunguo unafungua mlango gani ni kuliziba tundu la kufuli kisha kutazama ni mlango upi umebaki umefungwa.

Dawa hiyo ni mekamilamini. Haikutengenezwa kwa ajili ya wavutaji. Ilitolewa na kampuni ya Merck katika miaka ya 1950 kama dawa ya shinikizo la damu, kwa sababu huziba vipokezi vya nikotini kwenye mafundo ya neva na hivyo kuilegeza mishipa. Ilishusha shinikizo vizuri, lakini pamoja na hilo ilileta choo kigumu, kinywa kukauka, mkojo kukataa kutoka na kizunguzungu mtu anaposimama ghafla. Dawa nyingine zilipopatikana, ikaachwa kwa sehemu kubwa, ikabaki chombo cha maabara.

Katika miaka ya 1990 Jed Rose na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliichukua tena kwa wazo lililoonekana geni. Waliwapa wavutaji kibandiko cha nikotini cha ngozi na, pamoja nacho, mekamilamini kwa kiwango kidogo. Mtu angeuliza kwa nini kumpa mgonjwa ufunguo na kuliziba tundu papo hapo. Jibu lao lilikuwa kwamba vipokezi vikishakaliwa, vingine na nikotini ya kibandiko na vingine na kizuizi, moshi wa sigara haukuti nafasi, na mvutaji haonji tena ile raha. Matokeo ya mwaka 1994 yalihusu wavutaji 48 tu. Baada ya mwaka mmoja, waliopewa vyote viwili asilimia 37.5 walikuwa hawajarudia sigara, dhidi ya asilimia 4.2 ya waliopewa kibandiko peke yake. Tofauti ilikuwa kubwa mno kwa kundi dogo mno, na majaribio makubwa zaidi yaliyofuata hayakuthibitisha matumaini hayo. Mekamilamini haikupata kuwa dawa ya kuachisha sigara. Inafaa kulikumbuka hilo kila mara tangazo linapodai kwamba dawa fulani imethibitishwa kwa sababu watu kadhaa walifanikiwa.

Katika suala la uzito, hata hivyo, kizuizi kiliendelea kutoa ushahidi. Katika Chuo Kikuu cha Yale, Yann Mineur alikuwa akiwapa panya dawa zinazogusa vipokezi vya nikotini ili kuchunguza huzuni na sonona, wala hakuwa akishughulika na chakula. Akaona kwamba panya waliopewa dawa hizo hawali kama wenzao. Yeye, Marina Picciotto na wenzao wakaufuata mkondo huo, wakatangaza matokeo yao katika jarida la Science mwaka 2011. Panya waliopewa nikotini au sitisini walikula kidogo na mafuta ya miili yao yakapungua. Walipotangulizwa kupewa mekamilamini, hamu ya kula haikushuka tena. Watafiti wakatafuta ndani ya ubongo, wakakuta kwamba nikotini huziamsha seli fulani za haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo inayosimamia njaa na kiu, na seli hizo ndizo zinazoupa mwili habari kwamba umeshiba.

Kilichostahili kuangaliwa zaidi ni aina ya kipokezi. Kile kilichotawala njaa kilikuwa cha aina tofauti na kile kinachojulikana kuwa kiini cha raha na uraibu. Nyumba moja, milango miwili, na nikotini huingia kote. Hii ndiyo sababu mtu anaweza kutulizwa uchu wa sigara kwa dawa na bado akajikuta anafungua kabati la mkate usiku. Mlango wa uchu umeshughulikiwa; mlango wa shibe, uliokuwa umeshikiliwa wazi kwa nikotini miaka 20, umerudi katika hali yake.

Ni lazima isemwe kwamba hao ni panya. Ubongo wa binadamu una vipokezi vya namna hiyo hiyo, lakini kipimo kinachomfaa panya si cha kumpa mtu, na mpaka sasa matokeo hayo hayajazaa kidonge cha kupunguza uzito kinachouzwa dukani. Anayesikia kwamba nikotini hupunguza mafuta kisha akaanza ugoro ili apungue, ameshika sentensi moja na kuacha kitabu kizima. Wavutaji wenyewe, pamoja na wembamba wao, huelekea kulimbikiza mafuta tumboni kuliko wasiovuta wenye uzito uleule, na mafuta ya tumboni ndiyo yanayofuatana na kisukari na maradhi ya moyo. Mizani haionyeshi hilo. Utepe wa kupimia kiuno ndio unaolionyesha.

Dawa zinazotumika sasa kuwasaidia wanaoacha sigara zimetokana na fikra ileile ya kufuli. Sitisini, inayotoka katika mmea, imetumika Bulgaria tangu mwaka 1964. Kutokana nayo kampuni ya Pfizer ilitengeneza vareniklini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006. Zote mbili huingia kwenye tundu la uchu na kuuzungusha ufunguo nusu tu: zinatuliza kiasi cha kumwezesha mtu kuvumilia, na zinaizuia nikotini ya sigara isipate pa kukaa. Bupropioni, ambayo ni dawa ya sonona kwa asili yake, nayo huzuia vipokezi hivyo kwa namna nyingine. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliziingiza vareniklini na bupropioni katika orodha yake ya dawa muhimu, ambamo vibandiko na ubani wa kutafuna wa nikotini vilikuwa vimetangulia.

Je, zinazuia kunenepa? Mapitio ya shirika la Cochrane, yaliyokusanya majaribio mengi pamoja, yanaonyesha kwamba anayezitumia huongezeka kidogo pungufu ya asiyezitumia: kwa bupropioni tofauti ni kama kilo moja mwishoni mwa matibabu, kwa nikotini ya kibandiko na kwa vareniklini ni chini ya hapo. Baada ya mwaka tofauti hiyo haionekani kwa uhakika. Kwa maneno mengine, dawa huahirisha sehemu ya ongezeko, wala haziliondoi. Kuahirisha si kazi bure, kwa sababu miezi mitatu ya mwanzo ndiyo migumu kuliko yote, na mtu asiyelazimika kupigana vita viwili kwa pamoja ana nafasi nzuri zaidi ya kushinda kile cha kwanza. Lakini asidanganywe kwamba kidonge kitamrudishia suruali yake.

Ongezeko lenyewe ni kiasi gani? Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la kitabibu la Uingereza, uliounganisha tafiti 62, ulikuta kwamba walioacha bila dawa yoyote waliongezeka kwa wastani kilo 1.1 katika mwezi wa kwanza, karibu kilo 2.9 kufikia mwezi wa tatu, na kilo 4.7 kufikia mwaka. Sehemu kubwa, basi, huja mwanzoni, na kasi hupungua. Wastani huo pia unaficha mengi: asilimia 16 walipungua badala ya kuongezeka, na asilimia 13 waliongezeka zaidi ya kilo 10. Hakuna anayeweza kumtazama mtu mlangoni mwa zahanati na kumwambia atakuwa katika kundi gani.

Utafiti mwingine, wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1991 baada ya kuwafuatilia watu kwa miaka mingi, una jambo ambalo wanaoacha sigara hawaelezwi mara nyingi. Mwanzoni walioacha walikuwa na uzito mdogo kuliko watu ambao hawajapata kuvuta maishani. Mwishoni uzito wao ulikuwa karibu sawa na wa watu hao. Kwa wastani hawakuvuka. Mwili haukuharibika kwa kuacha sigara; ulirejea mahali ambapo ungekuwa kama sigara isingeingia kati. Katika maabara panya walioondolewa nikotini hufanya vivyo hivyo: hula kwa pupa kwa muda, hasa vitu vitamu, huwafikia wenzao, kisha hutulia.

Pamoja na hayo, haifai kuwaambia watu kwamba uzito huo hauna madhara yoyote. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya makundi matatu makubwa ya watu waliofuatiliwa kwa miongo kadhaa. Walioacha sigara wakanenepa walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari cha aina ya pili katika miaka ya mwanzo, ikafika kilele kati ya mwaka wa 5 na wa 7, kisha ikashuka. Walioacha bila kuongezeka uzito hawakuwa na hatari hiyo ya ziada. Ilipokuja habari ya vifo, picha ilikuwa nyingine kabisa: walioacha walikufa kidogo kuliko walioendelea kuvuta, wawe wamenenepa au hawakunenepa. Utafiti wa mji wa Framingham, uliotolewa mwaka 2013, ulikuwa umesema hivyo kuhusu moyo: kwa wasio na kisukari, kilo zilizoongezeka hazikufuta faida ya kuacha.

Mgonjwa aliyeambiwa mambo mawili katika siku moja anaweza, kwa hiyo, kuyapanga. Sigara hutangulia. Uzito hufuata, nao hufuatwa kwa utulivu, kwa kupima na siyo kwa hofu. Anayejilazimisha kushinda njaa katika wiki ileile anayoacha sigara hujitwisha mzigo ambao wengi hawaufikishi mbali. Linalowezekana tangu siku ya kwanza ni kuchunga vitamu, kwa sababu ndivyo vinavyoitwa na mwili ulionyimwa nikotini: sukari ya chai, soda, maandazi ya asubuhi, pipi za kushughulisha mdomo. Kipande cha muwa ni kitamu pia, japo wengi hawakihesabu. Mdomo unaotaka kazi unaweza kupewa karoti, tango, maji au mswaki wa mti, na miguu ikapewa mwendo wa nusu saa, ambao hupunguza hata uchu wenyewe kwa muda.

Kupima kufanyike zahanati au kituo cha afya: uzito na kiuno kabla ya kuacha au mara tu baada ya kuacha, kisha kila baada ya mwezi au miwili, sukari kwa yeyote anayeongezeka haraka, mwenye mzazi au ndugu wa damu mwenye kisukari, au aliyekwisha kuambiwa ana shinikizo la damu. Mwanamke mjamzito anayetumia ugoro, na wapo wanaoutumia wakidhani hauhesabiki kuwa tumbaku, aseme hivyo kliniki ya uzazi bila haya. Dawa zilizotajwa hapa ni za kuandikiwa na daktari. Mwenye historia ya kifafa hapewi bupropioni, na mwenye figo dhaifu hupunguziwa kiwango cha vareniklini. Mambo hayo muuzaji wa kichochoroni hawezi kuyajua kwa kumtazama mteja usoni.

Kukonda nako kusiachwe hivi hivi. Katika familia nyingi wembamba wa mvutaji huelezwa kwa sigara yake, na maelezo yanaishia hapo. Mtu anayekohoa wiki mbili au zaidi, anayepungua bila kukusudia, anayetokwa jasho jingi usiku, anapaswa kupimwa kifua kikuu, ambacho vipimo na matibabu yake hutolewa bila malipo. Sigara huongeza hatari ya ugonjwa huo, wala si kisingizio cha kutouchunguza. Vivyo hivyo kwa aliyeacha sigara na badala ya kuongezeka akaendelea kupungua mwezi baada ya mwezi.

Limebaki jambo moja ambalo wagonjwa na hata baadhi ya watoa huduma hulisahau. Moshi wa sigara hulifanya ini liharakishe kuondoa baadhi ya dawa mwilini. Mgonjwa wa pumu anayemeza aminofilini, akiacha kuvuta, hubaki na dawa nyingi zaidi katika damu kwa kiwango kilekile cha vidonge, na anaweza kupatwa na mapigo ya moyo ya kasi, kutetemeka au kichefuchefu, akadhani ni mwili unaodai sigara. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili ziko katika kundi hilo, na kahawa pia, ambayo huanza kumnyima usingizi mtu aliyekuwa akiinywa miaka yote bila taabu. Anayetumia sindano za insulini anaweza kuhitaji kipimo tofauti. Siku ya kuacha sigara, kwa hiyo, itajwe kliniki kabla haijafika, na iandikwe kwenye daftari la mgonjwa pamoja na uzito wake wa siku hiyo.